Gari la Baba Yako Nililiua Mimi

Kabiro, Kawangware
Jumamosi, mchana

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sitauliza, kwa sababu leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza viazi vitamu vitatu na chai ya kikombe kikubwa cha baba yako. U mzima. Sasa uko kule stendi ya 46 unasukwa nywele, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja, maana yule msusi mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Kwa hivyo nina wakati wa kuandika polepole, kama mtu aliyeishia darasa la sita.

Mambo ya kufua, kupika na kuchagua marafiki sitayaandika. Kama huyajui mpaka leo basi mimi ndiye nilishindwa, na kwa hayo mimi sikushindwa. Katika ploti hii yote ya nyumba za kupanga hakuna mama aliyelea msichana kama wewe. Wacha nijisifu kwanza, kwa sababu nikifika mbele kidogo sitaweza tena.

Tangu ile barua ya shule ya ufundi ije kutoka Eldoret, hakuna mtu sijamwambia. Nimemwambia pasta, nimemwambia mama mboga, nimemwambia hata yule askari wa geti kule Lavington ninakofanya kazi, na yeye hata jina langu halijui. "Wangu anaenda kusomea injini," nikamwambia. "Msichana?" "Msichana." Wanawake wa hapa wananiambia, huyo amefuata gari la babake. Nami huitikia, ndiyo, ni damu hiyo.

Nekesa, si kweli. Hukufuata gari la baba yako. Ulimfuata fundi Mutua. Wewe unajua, na mimi najua, na huu ni mwaka wa sita hatujataja jina lake ndani ya nyumba hii.

Huko uendako, kabla muhula haujaisha, mwalimu atafungua kifuniko cha oili kwenye gari fulani, awaonyeshe ule ute mweupe ulioganda kwa ndani, na awaambie unatoka wapi. Sitaki uujue ukweli juu ya mama yako kwa mwalimu, umesimama katikati ya wavulana na ovaroli mpya. Uupate kwangu, hata kama hati yangu ni mbaya.

Baba yako alipotuacha ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka gari lilivyokuja: wale watu aliokuwa akiwaendesha walihama nchi, wakampa lile la bluu kwa kumshukuru. Hakulifaidi. Alilipeleka nyumbani Krismasi moja tu, mwaka uliofuata tukamzika. Hata arobaini haijaisha, baba yako mdogo Simiyu akaketi kwenye kiti chetu kirefu na kuniambia, "Shemeji, gari lisilotembea ni chuma. Nitalichukua niende nalo Bungoma."

"Nani amekwambia halitembei?" nikamjibu.

Nami usukani sijawahi kuushika. Nilichokuwa nikijua ni mahali pa kuingiza ufunguo, na ile choki ya kuvuta gari likiwa baridi, na kwamba ukikanyaga linanguruma. Hayo yakanitosha. Ndiyo ikawa kila Jumapili, saa tatu kasoro, hata ile baridi ya Julai inayouma meno, mimi na kofia yangu ya kanisa naingia kwenye gari, navuta choki yote, nawasha, na likishika tu nakanyaga mpaka chini. Vuuu! Moshi unajaa ploti nzima, kuku wanakimbia. Dakika tano. Halafu nazima, nafunga mlango kwa ufunguo, tunatembea kwa miguu kwenda kanisani.

Ulikuwa ukiona haya, unanishika mkono na kuangalia chini. Mimi nilikuwa natembea kama mke wa waziri. Binamu wa Simiyu alikaa ploti ya pili, na nilitaka asikie, apeleke habari. Shosho, yule bibi mzee mwenye ploti, alikuwa akitoka mlangoni na blanketi begani akiniuliza, "Mama Nekesa, ndege yako inapaa leo ama ni kesho?" Watu wanacheka. Nilidhani ni wivu.

Mutua alikuwa na kibanda chake pale ua wa ploti unapoishia, mabati mawili na sanduku la spana. Jumapili moja akaja, anafuta mikono kwa kitambaa, akangoja nizime.

"Mama Nekesa, hii gari unaiua."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini sikiza. Wiki nzima imelala, oili yote imeshuka chini, kama mafuta ya nyama kwa sufuria ya jana. Huko juu ni chuma kavu. Sasa inaamka tu unaikanyaga hivyo, chuma inakula chuma. Na choki umevuta yote, petroli inaosha ile oili kidogo ilibaki."

"Kwa hivyo nisiwashe? Life?"

"Heri ulale nayo mwezi mzima bila kuigusa kuliko kuiwasha dakika tano na kuizima. Haijashika moto, unazima, maji yanabaki ndani. Nipe ufunguo, kila baada ya wiki mbili niitembeze polepole mpaka Dagoretti Corner na nirudi, ishike moto sawasawa. Na oili ubadilishe kila mwaka, hata kama haijaenda mahali. Oili inazeeka hata ikikaa."

Maneno hayo nayakumbuka yote, na ndiyo maana siwezi kusema sikuambiwa.

Lakini wewe unajua kwetu mjane anavyoangaliwa. Mume akizikwa watu hungoja kuona ni mwanamume gani ataingia, ni koti la nani litatundikwa msumarini. Kwangu mimi, mwanamume akionekana nyuma ya usukani wa marehemu, apite nalo mbele ya kanisa na mbele ya binamu wa Simiyu, ilikuwa ni kama nimemtundikia koti mwenyewe. Ningeweza kumweleza hivyo kwa upole, na angeelewa, yeye pia alikuwa na mama. Badala yake nikapaza sauti wanawake wote waliokuwa mferejini wakiteka maji wasikie: "Unataka kukalia kiti cha bwanangu? Tafuta mjane wa kwenu Ukambani!"

Wakacheka sana. Naye akacheka kidogo, akarudi kwenye kibanda chake. Hata hivyo hakukufukuza wewe. Ukitoka shule ulikuwa ukienda pale unashika spana, unarudi na mafuta meusi mpaka kwenye masikio, na mimi nakusugua kwa sabuni ya mche nikiwa na hasira, huku moyoni najivuna kwamba mtoto wangu anajua namba za spana zote.

Sasa ile Jumapili yenyewe. Jumapili iliyotangulia injini ilikuwa imeanza mlio usio mzuri, na kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kukataa kumwomba mwenyewe, nikakutuma wewe: mwambie Mutua aangalie oili. Akaja Jumamosi jioni, mkafungua boneti nyinyi wawili, akaangalia, akafunga. Uliniambia, "Anasema oili imekufa, mama, usiwashe." Nikakwambia uende ukanawe mikono.

Asubuhi Simiyu akaingia na mtu wa kununua. Hakuwa amenipa habari. Ploti nzima imesimama, wengine na miswaki mdomoni. Ningefanya nini? Nikavaa kofia, nikaingia, nikawasha, nikakanyaga. Likanguruma mara moja, halafu likaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, kama mtu amefungiwa ndani anapiga mlango. Moshi wa bluu. Halafu kimya. Nikawasha tena, kimya.

Simiyu akasema, "Shemeji, umeliua."

Alikuwa na haki. Nilitoka, nikafungua boneti kama nilivyoona wanaume wakifanya, nikazungusha kile kifuniko cha oili, na ndani yake nikaona ule ute. Mweupe, wa manjano kidogo, kama maziwa lala yaliyotiwa chai. Ni kweli sikujua ni nini, na hapo sijilaumu. Najilaumu kwa nilichofanya nao. Nilikiinua kile kifuniko juu watu waone, nikapiga kelele: "Dawa! Mutua ametia dawa kwa gari la marehemu!"

Nilijua watu wanavyosema juu ya Wakamba na uchawi. Mimi mwenyewe sijawahi kuona Mkamba akifanya lolote, miaka yote niliyokaa Nairobi. Lakini nilijua nikisema Mkamba, nikisema dawa, hakuna mtu ataniuliza swali la tatu. Ndivyo nilivyofanya, nikiwa nimetoka kujipaka mafuta ya kwenda kanisani.

Simiyu peke yake ndiye aliuliza. "Nani alimwona?"

Nikakuita. Ulikuwa na rinda la kijani. "Si jana alifungua hapa mbele yako? Alitia nini?"

Ukasema wazi kabisa, "Hakutia kitu, mama. Alifuta tu."

Nikakushika mkono, hapa juu ya kiwiko, nikabana. Unajua nilivyobana. "Sema tena. Alitia nini?"

Uliangalia mkono wangu, hukuniangalia usoni. Ukasema, "Alitia kitu cheupe."

Hayo mengine uliyaona. Walivyolipindua sanduku lake mtaroni. Aliyesema leteni tairi, na kwamba hakuna aliyemwambia nyamaza mpaka Shosho akatoka na fimbo yake na kusema katika ploti yake hakuna mtu atachomwa, na anayetaka kuchoma aanze na yeye. Mutua akachutama mtaroni, akaokota spana moja moja, watu wamemzunguka. Ni wewe tu alikusemesha: "Nekesa, nipe hiyo ya kumi na tatu, iko karibu na mguu wako." Ukampa. Akaenda.

Na unajua mimi nilisikia nini? Nilisikia nimeshinda. Simiyu alisema gari lenye dawa hataki, akaondoka na mnunuzi wake, na gari likabaki kwangu. Nililipata kwa njia hiyo. Mpaka leo limekaa pale chini ya turubai, kuku wanataga ndani, na kila mgeni mimi humwambia, "Hilo ni letu."

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu kule Lavington mama mwenye nyumba akasafiri miezi mingi, gari lake likabaki na dereva, Mzee Owino. Nilikuwa nikianika nguo, namtazama. Siku ya kulitoa, anawasha, mguu hagusi chini kabisa. Analiacha linanong'ona kidogo tu, choki anairudisha mapema, halafu anatoka nalo getini taratibu kama anabeba mgonjwa. Harudi mpaka limeshika moto. Ndipo nikamkumbuka baba yako: alikuwa akiwasha, halafu anatoka nje kufunga kamba za viatu. Nilidhani ni madaha. Kumbe alikuwa akiingoja injini.

Siku moja Mzee akafungua gari la kijana wa nyumba hiyo, lile la kwenda dukani na kurudi tu. Nikaona kifuniko, ute uleule. Nikamwuliza bila kufikiri, "Mzee, nani ametia dawa hapa?"

Alicheka akakohoa, ikabidi akae kwenye ndoo. "Dawa gani, mama? Hili ni jasho la injini. Gari linawashwa, halishiki moto, linazimwa. Unyevu unakaa ndani, unachanganyika na oili. Likiendelea hivyo vyuma vinalika vyenyewe kwa vyenyewe. Nani alikuambia ni dawa?"

Nikasema, "Watu tu."

Watu tu! Nilianika shuka lile lile mara mbili. Hiyo ni miaka minne iliyopita, Nekesa. Ile Jumapili unaweza kusema mama alikuwa na hofu na ujinga. Lakini tangu siku hiyo ya Lavington sikuwa na ujinga wowote. Nilijua, nikapika, nikala, nikaimba kwaya. Na wewe siku moja ulianza kuniambia, ukiwa unamenya viazi: "Mama, ile siku ya fundi..." Nikakwambia, "Puliza jiko, linazimika." Jiko halikuwa linazimika.

Ilipokuja barua ya shule nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuona mwalimu na kifuniko.

Alhamisi sikwenda kazini kama nilivyokwambia. Nilikwenda Kibera. Nilikuwa nikijua aliko, nilimwona mara moja kule na nikageuza uso. Magari hatengenezi tena, maneno yalimfuata, na nani atampa gari fundi anayetia dawa? Anatengeneza majiko. Nilimkuta amekaa anapiga bati.

"Fundi, nimekuja."

"Nimekuona."

Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti na sikustahili. Ya Lavington, ya mkono wako, ya mimi kunyamaza. Alikuwa anaendelea kupiga. Nilipomaliza akasema, "Ya injini si nilijua siku ileile? Ni mimi nilikuambia. Sasa unaniambia nini mpya?"

"Naomba unisamehe."

"Mama Nekesa, wewe hukuninong'onezea. Ulipiga kelele. Enda upige tena palepale, halafu tutaona."

Nikageuka kwenda. Akasema nyuma yangu, "Na msichana?"

"Anaenda Eldoret. Anasomea magari."

Nyundo ikasimama. "Magari?"

"Magari."

Akainama, akaanza kutafuta kitu kati ya mabati, na nadhani hakukuwa na kitu. Mwishowe akasema, "Haya." Basi.

Leo asubuhi ulipotoka kwenda kusukwa, foleni ya maji ilikuwa imefika mlangoni kwa Shosho. Sauti unajua ninayo. Nikasimama kwenye jiwe la mfereji, nikawaambia. Kwamba gari niliua mimi kwa kulikanyaga likiwa baridi, kwamba ule weupe ni maji na oili, kwamba Mutua alinionya na nikamtukana, na kwamba mtoto alisema kweli mara ya kwanza na mara ya pili nilimbana. Nilidhani watalia, ama watanishangilia kwa kuwa jasiri. Unanijua. Wengine waliendelea kusukuma mitungi. Mama Atieno akaniambia, "Sasa unatuambia ili tukusifu? Yule mtu si alikuwa achomwe?" Nikashuka kwenye jiwe.

Shosho ndiye aliniumiza kabisa. Alisema taratibu, "Mkono wako niliuona siku hiyo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mjane. Mtoto alikuwa mtoto, na hatukumwangalia." Akachukua maji yake akaingia ndani.

Kwa hivyo ukirudi utaona watu wanakutazama. Ndiyo maana barua hii nimeiweka juu ya begi lako, uisome kabla hujatoka tena nje. Wanajua sasa. Ule uwongo si wako, haukuwa wako hata siku moja, niliuweka mdomoni mwako kama dawa ya minyoo. Ukitaka kunikasirikia leo, kasirika. Ukitaka nilale kwa jirani, nitalala. Sikwambii usiwe na kiburi, umenyonya kwangu, utakuwa nacho tu. Lakini mtu akikuonya na ukasikia moto umepanda kifuani, toka nje ufunge viatu kwanza. Mimi sikuweza.

Kesho basi linaondoka saa nne. Mutua anafungua saa moja. Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo unaouweza. Ukifika Kibera fuata reli upande wa Laini Saba, upite wanaouza viatu vya mitumba, halafu kinyozi mwenye mlango wa kijani. Kibanda chake ni cha tatu kutoka hapo, utasikia nyundo kabla hujakiona.

Sikutumi. Sina haki ya kukutuma kwake tena. Ukienda, nenda peke yako, na utakachomwambia ni chako na chake, mimi usiniletee. Begi nitalibeba mimi mpaka kituo cha basi. Nitakushikia kiti cha dirishani, na kama dereva atataka kuondoka hujafika, nitasimama mbele ya basi. Kwa hilo unaweza kuniamini, sauti ninayo.

Mama yako